Kalisi za Kale za Kifaransa za Fedha Iliyopakwa Dhahabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Miaka mingi nimetunza sakristia, na hakuna mwaka unaopita bila mtu kuniletea picha kwenye simu: "Hebu itazame hii, ni fedha kweli?" Mara ni mwenyekiti wa jumuiya inayomchangia shemasi anayekaribia upadrisho. Mara ni paroko aliyekuta kisanduku cha zamani nyuma ya kabati la mavazi ya Misa. Mara ni dada yetu anayeishi Ulaya, ameona kalisi, kikombe cha divai ya Misa, dirishani mwa duka la vitu vya kale na moyo ukamuuma. Vyombo vyenyewe karibu vyote ni vya Ufaransa, vya karne ya 19. Majibu ninayowapa nimeyakusanya hapa.

Fedha iliyopakwa dhahabu ni kitu gani? Tuseme ni dhahabu au ni fedha?

Ni fedha mwilini, dhahabu ngozini. Wafaransa huiita vermeil. Usiichanganye na shaba iliyopakwa dhahabu, kwa sababu kwenye picha zinafanana kama pacha. Nyingi unazoziona zikiuzwa kwa bei ya kushangaza ni shaba tupu chini ya ule mng'ao.

Kwa nini hawakutumia dhahabu tupu?

Gharama, kwanza. Tena dhahabu safi ni laini, haivumilii kushikwa kila siku. Kanisa limetaka pale panapoguswa na Mwili na Damu ya Bwana pawe pa madini ya thamani, na dhahabu iwe ndiyo inayogusa. Hata leo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 328, yanasema vyombo vitakatifu vitengenezwe kwa madini ya thamani, na kama madini hayo hushika kutu au ni duni kuliko dhahabu, kwa kawaida vipakwe dhahabu kwa ndani. Mafundi wa Ufaransa wa zamani walilifuata hilo kwa moyo. Unaweza kukuta kalisi nyeupe kwa nje, ukichungulia ndani ni dhahabu inayowaka.

Mbali na kalisi, kuna vyombo gani vingine?

Patena, yaani kisahani cha Hostia (mkate wa Misa), siborio ya kutunzia Hostia, monstransi ya kuionyeshea, kipyxi cha kuwapelekea wagonjwa Komunyo, vichupa vya divai na maji pamoja na sinia yake, chetezo na kichombo chake cha ubani. Kalisi na patena huuzwa pamoja ndani ya kisanduku cha ngozi chenye umbo lao. Kisanduku hicho msikitupe hata kama kimechakaa, maana mara nyingi jina la fundi limechapwa kwa herufi za dhahabu kwenye hariri ya ndani ya kifuniko.

Nitajuaje kama ni fedha kweli?

Kwa mihuri. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi na taa nzuri. Tazama ukingo wa kikombe kwa nje, ukingo wa mguu, na mgongo wa patena. Unatafuta mihuri miwili.

Wa kwanza ni wa serikali. Tangu tarehe 10 Mei 1838 Ufaransa inagonga kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale, amevaa kofia ya vita. Karibu na uso wake kuna tarakimu: kwa vyombo vya kale, 1 maana yake sehemu 950 katika kila 1000 ni fedha tupu, 2 maana yake ni 800. Kwa hiyo Minerva wa 1 anaipita hata ile fedha ya 925 ambayo masonara wetu huisifia. Ukikuta kichwa cha mzee, chombo ni cha kati ya 1819 na 1838. Ukikuta jogoo, kimetangulia zaidi, kati ya 1798 na 1819. Vya kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 vina mihuri ya namna nyingine kabisa, herufi zenye taji, ya chama cha masonara na ya watoza kodi wa mfalme. Hapo usijisumbue peke yako, mtafute mtaalamu, kwa sababu na waghushi wanajua bei ya herufi hizo.

Muhuri wa pili ni wa fundi. Kwa sheria ya 1797, fundi wa fedha halisi hugonga herufi za jina lake na kialama chake ndani ya rombasi, yaani pembe nne iliyosimama kwa ncha. Fundi wa vitu vilivyofunikwa fedha kijuujuu hugonga ndani ya mraba uliokaa. Jambo dogo hili limewaokoa watu kadhaa ninaowafahamu wasitupe michango ya jumuiya. Muuzaji akikupigia picha ya muhuri, tazama umbo kabla hujasoma herufi.

Kikombe kina Minerva lakini mguu hauna muhuri. Tumetapeliwa?

Huenda hapana. Kanuni za zamani zilidai kikombe na patena viwe vya fedha angalau, vikiwa vimepakwa dhahabu ndani, lakini mguu uliachwa uwe wa madini ya kawaida. Parokia maskini na mapadre wa vijijini walinunua kikombe cha fedha juu ya mguu wa shaba iliyopakwa dhahabu au fedha. Kwa ibada ni kalisi kamili, haina upungufu. Kosa ni la muuzaji anayeipima yote mizani na kukutoza kama fedha ya mwili mzima. Muulize waziwazi: "Mguu ni madini gani?" Asipojibu kwa maandishi, ondoka.

Je, kalisi inafunguka? Naogopa kuiharibu.

Inafunguka, na ukitaka kuijua lazima ifunguliwe, ila kwa mkono wa mtu mtulivu. Nitaeleza nilivyofanya na moja iliyoletwa mezani kwangu.

Nilitandika taulo nene, nikaigeuza kichwa chini. Katikati ya mguu kulikuwa na nati moja kubwa, ya mraba, imeshikwa na uchafu wa miaka. Sikutumia koleo. Niliweka tone la mafuta mepesi, nikaenda kusali masifu ya jioni, niliporudi ikazunguka kwa vidole vilivyoshika kitambaa. Ikatoka vipande vipande: mguu, kibomba cha shingo, fundo la katikati, kibomba kingine, kisha lile ganda lililonakshiwa linaloshika kikombe kwa chini, na mwisho kikombe chenyewe, chepesi kuliko nilivyodhani, na parafujo yake ikiwa imelehemiwa kwenye kitako. Kati ya ganda na kikombe kulikuwa na ukoko wa kijani kibichi. Watu walikuwa wakiiosha kwa kuizamisha yote majini, maji yanaingia humo na hayapati pa kutokea.

Na chini ya mguu, mahali ambapo mtu haoni mpaka aigeuze, kulikuwa na herufi mbili za jina na pete nyembamba ya ndoa imelehemiwa kwenye chuma. Desturi hiyo ilijulikana sana Ufaransa: kijana akipata upadre, mama yake alitoa pete au vito vyake vitiwe kwenye kalisi ya mwanawe, ili amtaje kila anapoinua kikombe. Nilikaa nayo muda mrefu sana mkononi. Kama muuzaji angeniahidi kuing'oa "ili isafishike vizuri", nisingemkubalia.

Ukiirudisha, kaza kwa vidole tu. Fundo likicheza kidogo, weka kishikizo chembamba cha ngozi ndani, usikaze kwa koleo, kwa sababu parafujo ya fedha hukatika.

Fundo la katikati na kile kimsalaba cha mguuni ni urembo tu?

Kimsalaba humwonyesha padre upande wa kunywea, ili anywe na kufuta mahali pale pale. Fundo lina sababu ya ibada pia. Katika Misa ya zamani, baada ya mageuzo padre alishikanisha kidole gumba na cha shahada, asivitenganishe mpaka avitawadhe, ili hata chembe ya Hostia isidondoke. Vidole vilivyobaki vilihitaji kitu cha kushika. Shika kalisi ya kale namna hiyo na utaona fundo linavyokaa mkononi.

Dhahabu ilipakwaje, kabla ya umeme?

Kwa zebaki. Mtu wa Geita, Chunya au Migori hahitaji kuelezwa: wachimbaji wadogo wanakamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma mpaka zebaki ipande hewani. Mpakaji wa Paris au Lyon alifanya jambo lile lile. Aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki mpaka ikawa laini kama siagi, akaipaka kwa brashi juu ya fedha iliyosafishwa kwa tindikali, akaiweka juu ya makaa. Kwa joto la nyuzi 357 zebaki huchemka na kuondoka. Dhahabu hubaki imeshikamana na fedha, rangi yake imefifia kama udongo, kisha husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae.

Ule moshi ndio uliowaua. Wapakaji walitetemeka mikono, wakang'oka meno, wakafa wakiwa vijana. Antoine-André Ravrio, fundi wa shaba wa Paris aliyefariki mwaka 1814, aliona mateso hayo kwa wafanyakazi wake na akaacha katika wosia faranga 3000 za kumtuza atakayepata njia ya kuwakinga. Mwaka 1818 tuzo ilikwenda kwa mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet, aliyebuni tanuri lenye dohani ya kuuvuta moshi. Kila ninaposhika kalisi ya kabla ya 1840 nawakumbuka watu hao katika sala, na nawasihi ndugu zetu wa machimboni wasichome zebaki ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Upakaji wa umeme ulianza na hataza (haki ya uvumbuzi) ya Elkington wa Uingereza mwaka 1840, na Christofle, sonara wa Paris, akaununua kwa matumizi ya Ufaransa mwaka 1842. Dhahabu ya umeme kwa kawaida ni nyembamba na imesambaa sawasawa. Ile ya zebaki ni nene, ina joto la rangi, na katika mifereji ya nakshi utaiona imejikusanya.

Mbona vya zamani sana havipatikani?

Viliyeyushwa. Louis XIV aliyeyusha fedha mwaka 1689 na tena 1709 kulipia vita. Yalipokuja Mapinduzi, mali ya Kanisa iliwekwa mikononi mwa taifa tarehe 2 Novemba 1789, na katika miaka iliyofuata kalisi, monstransi na hata masanduku ya masalia yalipelekwa kwa magunia kwenye viwanda vya sarafu. Makanisa yalipofunguliwa tena baada ya Mkataba wa 1801 kati ya Napoleon na Papa Pius VII, sakristia zilikuwa tupu. Maelfu ya parokia yalihitaji kalisi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana "kalisi ya kale ya Kifaransa" unayoiona sokoni ni ya karne ya 19, na anayekuambia kirahisi kwamba yake ni ya karne ya 12 hakutakii mema.

Za karne ya 12 zilizosalia zinajulikana moja moja. Mojawapo ni ya Suger, abate wa monasteri ya Saint-Denis karibu na Paris: kikombe cha jiwe la sadoniki kilichochongwa Aleksandria kabla ya Kristo, naye akakivika fedha iliyopakwa dhahabu na vito. Kilipona Mapinduzi kikiwa katika maktaba ya taifa, kikaibwa mwaka 1804, na leo kiko Washington, ndani ya kabati la kioo la National Gallery of Art. Ni kizuri mno, nacho hakijapandishwa altareni kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Ni mafundi gani wanaosifika?

Wawili nitawataja. Placide Poussielgue-Rusand wa Paris alifanya kazi na msanifu Viollet-le-Duc na kufufua maumbo ya Zama za Kati; sanduku la mwaka 1862 la Taji la Miiba la Notre-Dame ni kazi yake. Thomas-Joseph Armand-Calliat wa Lyon alipenda enameli, yaani rangi ya kioo kilichoyeyushwa juu ya madini, yenye rangi nzito na sanamu ndogondogo zenye nyuso hai. Ukiwekewa kazi zao mbili mezani, mimi mkono wangu utakwenda kwa yule wa Lyon. Lakini usidharau kalisi ya fundi asiyejulikana, yenye masuke ya ngano na mizabibu ya kawaida. Hizo ndizo zilizobeba Misa za kila siku.

Je, yawezekana parokia yetu ya Afrika Mashariki ina kalisi ya namna hii bila kujua?

Inawezekana sana kama misheni yenu ni ya zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifika Zanzibar mwaka 1863 na kufungua Bagamoyo mwaka 1868. Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie walianza safari kutoka pwani mwaka 1878, wakafika Buganda mwaka uliofuata. Nyuma yao palikuwa na sadaka za waamini. Shirika la Kueneza Imani lilianza Lyon mwaka 1822, mji ule ule wa masonara wa kanisa. Padre wa safari alibeba kalisi fupi inayofunguka vipande na kuingia ndani ya kisanduku kidogo. Kwa hiyo kabla hamjauza "vikorokoro vya zamani" kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, viwekeni mezani, leteni lenzi, na mwiteni mtu wa jimbo anayejua.

Kununua kitu kitakatifu si dhambi ya simonia?

Kulipia madini na kazi ya fundi si simonia. Simonia ni kulipia utakatifu. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa 1917 ulisema wazi kwamba katika kuuza vitu vitakatifu, baraka isihesabiwe kwenye bei. Kwa hiyo muuzaji anayekupandishia bei eti "hii imebarikiwa na askofu" mwambie hapana.

Na nitajuaje kwamba haikuibwa kanisani?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi hawaulizi. Kwa sheria ya Ufaransa ya 1905 ya kutenganisha Kanisa na Serikali, vitu vilivyokuwamo makanisani wakati huo vilibaki mali ya umma: vya makanisa makuu ya kiaskofu ni vya serikali, vya parokia ni vya halmashauri ya mji au kijiji. Havina ruhusa ya kuuzwa, na muda hauhalalishi wizi wake. Mnunuzi hunyang'anywa hata miaka mingi baadaye.

Basi zile za halali zinatoka wapi? Nyingi zilikuwa mali binafsi ya padre, kama ile yenye pete ya mama, zikarithiwa na wajukuu wa ndugu zake. Nyingine ni za makanisa madogo ya majumbani, au za mashirika ya watawa yaliyofunga nyumba zao. Mwombe muuzaji historia ya chombo na risiti yenye maelezo kamili. Kisha pekua hazina ya Palissy, ambayo ni orodha ya vitu vya urithi ya wizara ya utamaduni ya Ufaransa; upekuzi wake ni bure.

Na upande wetu: parokia haiuzi kalisi yake kwa uamuzi wa kamati ya fedha. Kanuni ya 1269 ya Sheria za Kanisa za sasa inasema kitu kitakatifu cha taasisi ya Kanisa kinaweza kuchukuliwa na taasisi nyingine ya Kanisa tu, na kanuni ya 1292 inadai ruhusa ya Roma kwa kilicho na thamani ya kisanaa au kihistoria.

Ikishauzwa, baraka inapotea? Ibarikiwe upya?

Sheria ya 1917 ilisema kalisi iliyowekwa sokoni hadharani, au iliyotumiwa kwa jambo lisilofaa, au iliyoharibika umbo, imepoteza wakfu wake. Sheria ya sasa haina kifungu kama hicho. Ninachowashauri ni rahisi: mpelekeeni padre aibariki. Zamani askofu aliiweka wakfu kwa Krisma, mafuta matakatifu. Siku hizi padre anaweza kuibariki, na inapendeza kufanywa ndani ya Misa mbele ya waliochangia.

Rafiki yangu anataka kuiweka sebuleni kama pambo, au kunywea divai siku ya harusi.

Hapana. Kanuni ya 1171 inalinda vitu vitakatifu hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi: visitumiwe kwa mambo ya kidunia wala yasiyofaa. Mwambie kwa upole, ila mwambie.

Mlei anaweza kuigusa?

Anaweza. Mikono iwe safi na mikavu, au ashike kwa kitambaa cha pamba.

Dhahabu ya ndani imekwisha. Tuipake upya?

Ndani, ndiyo, msichelewe. Divai ni tindikali na inakula fedha iliyo uchi. Kupaka upya hakuondoi wakfu, na zamani kuliacha kulihesabiwa kosa zito. Nje, mimi nawasihi mwache. Mikwaruzo ya vidole vya mapadre watano waliotangulia si uchafu. Kwa ndani tumieni fundi wa umeme anayejua vyombo vya ibada, na enameli au vito vitolewe kwanza.

Tunaisafishaje?

Niliwahi kufika parokia moja asubuhi ya mkesha wa sikukuu nikakuta akina mama, kwa upendo wote, wanasugua siborio ya kale kwa majivu na steelwire. Maji ya beseni yalikuwa yanameta. Ile iliyometa ilikuwa dhahabu. Miaka mia moja na zaidi ilikuwa imeishia kwenye beseni kabla ya saa nne.

Majivu, mchanga, dawa ya meno, ndimu na ukwaju viacheni kwa masufuria ya shaba. Baada ya padre kuitakasa kalisi, lowesha kitambaa laini cha pamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, futa, futa tena kwa maji matupu, kausha palepale. Usiizamishe. Weusi unaojitokeza juu ya dhahabu ni fedha ya chini inayopumua kupitia vitundu vidogo. Futa polepole, usitumie dawa za kuchovya. Kama maji yamegusa masalia ya Damu Takatifu, yamwagwe kwenye sakrario, yaani beseni la sakristia linalomwaga moja kwa moja ardhini, si kwenye sinki.

Kwa walio pwani, hewa ya chumvi ni adui wa kila siku. Ifungeni kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya rangi, ndani ya sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na vifuko hivyo vibadilishwe masika na vuli. Msiifunge kwa mpira wala sufu, kwa sababu vyote viwili vina salfa na huacha michirizi myeusi. Na jambo la mwisho ninalowaambia watunza sakristia wenzangu: patena iwekwe pembeni, ndani ya kifuko chake, isikae juu ya kikombe usiku kucha, maana ukingo wa kikombe unaichora duara, na duara hilo halifutiki.